Umemwambia Baba?

Bwenini, 6 Oktoba

Shikamoo Baba mdogo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umepoa tangu ile kazi ya kubeba mota. Mimi sijambo. Mwaka huu nimepewa chumba kizuri, ila kiko juu ya jiko la bweni, kwa hiyo nguo zangu zote zinanuka vitunguu. Mwenzangu wa chumbani anasomea udaktari wa meno, na kila nikicheka ananitazama mdomoni kama fundi anayetafuta kasoro.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu unaijua simu yako mwenyewe. Inashinda juu ya meza ya karakana, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na anayekupigia huongea na karakana nzima, Baba akiwamo. Hili si la karakana nzima.

Baba mdogo, nikimaliza chuo sitarudi kufanya kazi ya lifti.

Nimeliandika kwa mkato maana kila nikijaribu kulizungusha linanishinda. Uhandisi nitaumaliza, mwezi wa sita, sina nia ya kuacha njiani. Lakini baada ya hapo nataka kusoma shahada ya pili ya hesabu za fedha. Usicheke kwanza. Mwaka jana mwalimu alitupa kazi: jengo la ofisi, lifti tatu, watu wanaingia asubuhi, tukadirie watasubiri muda gani. Wenzangu walikimbilia mwendo wa lifti na nguvu ya mota. Mimi nilinaswa na watu. Hujui nani atatokea mlangoni wala saa ngapi, hutajua kamwe, na bado unaweza kukokotoa jambo la kweli kuhusu umati wao! Nilisahau hata kula. Nikaenda idara ya hesabu kuomba nikae viti vya nyuma kwenye somo la uwezekano, na huko nikajua kuna watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, ila badala ya watu mlangoni wao wanatazama bei za hisa, za shaba, riba za mikopo, vitu visivyotulia.

Likizo nilijaribu kumwambia Baba. Nilipotamka tu neno "fedha" akaingiza mkono mfukoni: "Nauli imepungua?" Nikapokea nauli, nikashukuru.

Naomba unisemee. Wewe ndiye mtu pekee anayemkatiza maneno na asikasirike. Maombi yanafungwa Januari, na sipendi kuyatuma nyuma ya mgongo wake.

Mwanao.

Karakana, 30 Oktoba

Injinia wangu,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako ilifika siku nyingi, nikaiweka kwenye mfuko wa ovaroli, ovaroli ikaenda kufuliwa. Bahati nzuri shemeji aliiokoa kabla ya maji. Usiogope, bahasha ilikuwa bado imefungwa.

Huku tuko salama. Mama yako anajifunza kuendesha gari. Kaka yangu anakaa kiti cha pembeni akikanyaga breki ambayo haipo, wakirudi hawasemeshani mpaka chakula cha jioni. Jirani mfyatua matofali amenunua mashine mpya, na mtaa mzima umeenda kumlalamikia kelele. Mimi naiona tulivu tu. Watu siku hizi wamekuwa laini. Kaka mwenyewe hajambo, ila ameanza tabia ya kunong'ona. Nikimwambia aseme kama mwanamume ananitazama tu. Sijui ni uzee au ni kiburi.

Lifti ya jengo la mawakili imetushinda wiki nzima. Inasimama inchi chache chini ya sakafu, kila wakili anajikwaa, na kila anayejikwaa anatutishia mahakama.

Sasa lile jambo. Nimelisoma, nikalisoma tena. Nitamwambia. Lakini kaka haambiwi neno kama unavyobandika tangazo ukutani. Yeye ni kama chuma, anapashwa moto kwanza ndipo anakunjwa. Kabla ya hapo nieleze mimi nielewe: hiyo kazi ni ipi? Utakaa benki nyuma ya kioo ukihesabu noti? Maana mashine inahesabu, na haiombi likizo. Tena tangu ukiwa mdogo unashika spana kama umezaliwa nayo. Sikio halipiti kichwa, mwanangu. Sisemi zaidi.

Baba yako mdogo.

Bwenini, 9 Novemba

Shikamoo Baba mdogo,

Nimefurahi kusikia habari za Mama na gari. Mwambie asiache. Mimi ni mzima, nimepata mafua na yameisha. Mwenzangu ameanza kung'oa meno ya watu wa kweli, anarudi chumbani anatetemeka, halafu anakula kama mchimba visima.

Sihesabu noti. Chukua mfano: wafanyakazi wanakatwa mishahara kwa ajili ya uzeeni. Zile fedha hazilali kabatini, zinawekwa kwenye hisa, majengo, mikopo ya serikali, na vyote hivyo vinapanda na kushuka. Mtu lazima akadirie kama siku ya kulipa wazee zitatosha, na zikishuka zitashuka kiasi gani. Hesabu zake ni zile zile nilizotumia kwa mtikisiko wa kamba za lifti, umeongeza tu kutojua. Hapo kwenye kutojua ndipo ninapopapenda.

Nimechoka, Baba mdogo. Mwalimu wangu wa mitambo anasema nakimbia jasho. Wenzangu wanasema nimeona noti zikinipungia mkono. Yule mwalimu wa hesabu, niliyedhani ananiunga mkono, alirudisha karatasi yangu akasema, "Nyinyi wahandisi mkiona jibu linafanya kazi mnaridhika. Thibitisha." Sikuweza kuthibitisha. Nikajifungia chooni nikalia kwa hasira, nikanawa uso, nikarudi kumwomba anifundishe.

Kozi ziko mbili. Moja iko chuo cha biashara, mwaka mmoja, wanakufundisha kutengeneza programu za kununua na kuuza, na kampuni zinakuja kukuchukua hata hujamaliza. Ya pili iko idara ya hesabu, miaka miwili, nusu ya kwanza ni uthibitisho mtupu, na hakuna anayekuja kukuchukua. Moyo wangu uko kwenye ile ya mwaka mmoja. Nitaomba zote.

Umemwambia?

Mwanao.

Karakana, 19 Desemba

Injinia,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimetuzidi. Yule bibi fundi umeme wa hospitali, tunayemwita Mama Volti, amekuja karakana kutuomba tushirikiane naye. Amechoka kuajiriwa. Ni fundi hasa, anausoma ubao wa umeme kama gazeti. Kaka amemwambia hatuna nafasi. Basi, kaka ni kaka.

Mama yako amefaulu mtihani wa gari. Sasa anatupeleka kazini, na mimi ndiye ninayekanyaga breki isiyopo.

Tulipata kimkasa kidogo kwenye lile jengo la mawakili. Kaka alikuwa amesimama juu ya paa la lifti ndani ya shimo, mimi niko juu kwenye chumba cha mota nikiishusha polepole. Akajikwaruza kidole. Ni jambo dogo, amefungwa kitambaa, msianze kupigiana simu na mama yako. Angezungumza kwa sauti badala ya kunong'ona kama mchumba, lisingetokea.

Kuhusu lile jambo lako, nimezungumza naye. Ametulia kabisa. Soma kwa amani.

Baba yako mdogo.

Bwenini, 3 Januari

Shikamoo Baba mdogo,

Heri ya mwaka mpya. Niliposoma kwamba umezungumza naye niliruka, mwenzangu akamwaga chai kwenye fuvu lake la plastiki. Asante. Asante sana. Nimetuma maombi yote mawili.

Lakini naomba uniambie, alisema nini? Nataka maneno yake yenyewe. Nakuuliza kwa sababu jana Mama alinipigia, na katikati ya habari za gari akasema, "Baba yako siku hizi anapiga mluzi. Anahesabu siku tu za Julai." Nikauliza Julai kuna nini. Akacheka, "Usijifanye mjinga," akakata simu kwa kuwa polisi wa barabarani alikuwa anamtazama.

Mtu aliyeambiwa binti yake haji hapigi mluzi. Baba mdogo, umemwambia nini?

Mwanao.

Karakana, 17 Februari

Injinia,

Sisi wazima. Joto limezidi. Mama yako husikia anachotaka kusikia, usimtilie maanani. Kaka ana mambo mengi kichwani, vidole vinachelewa kupona.

Wewe kazana na masomo. Kama unafikiria kuja nyumbani, niarifu kwanza, nipange.

Baba yako mdogo.

Bwenini, 24 Machi

Baba mdogo, shikamoo.

Nakusalimu kwa sababu nimelelewa. Nyumbani ni wazima, nimewaona kwa macho yangu. Nilikwenda. Sikukuarifu.

Wewe ulikuwa safarini kufuata vipuri. Nilimkuta Baba peke yake karakana, mkono wa kushoto umefungwa. Kitambaa kimoja hakiwezi kuwa kikubwa vile. Alivyofurahi kuniona! Akanishika bega, akanipeleka kwenye ile meza ya dirishani iliyokuwa na makopo ya grisi. Makopo hayapo. Meza imepigwa msasa, imepakwa vanishi.

"Umeionaje?" akaniuliza.

"Nzuri. Ya nani?"

"Ya nani tena! Baba yako mdogo alisema unataka mwanga wa dirisha kwa ajili ya michoro. Nikamwambia basi Julai ikifika ikute kila kitu tayari."

Nikamwambia, "Baba, mimi siji. Sikusema nakuja. Nilisema kinyume chake, tangu Oktoba."

Hakupiga kelele. Alikaa juu ya gurudumu la waya, akautazama mkono wake. "Nilimkataa Mama Volti," akasema. "Nilimwambia nafasi ina mwenyewe." Sikutaja jina lako. Halikuhitaji kutajwa.

Ili niseme lolote, nikauliza vidole vimefanya nini.

"Vimechelewa kutoka."

"Baba."

"Nilimwita asimamishe. Nikamwita tena. Nikapiga ukelele mpaka mawakili wakafungua milango. Yeye yuko juu yangu hapo, mkono kwenye swichi, anaishusha tu."

Ndipo mashine ya matofali, minong'ono, na ile simu inayonguruma mezani vilipopangana kichwani mwangu. Nikamuuliza, "Hasikii?"

"Sijamuuliza."

"Kwa nini?"

"Nikimuuliza atanijibu. Akinijibu itabidi nimshushe. Tumepanda pamoja wewe hujazaliwa."

Nikamweleza kila kitu, kozi zote mbili, uwezekano, bei. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Kisha akauliza swali moja tu: "Hizo hesabu zako zikikosea, nani anaumia?"

Miaka mitatu na nusu ya uhandisi, mwaka mzima wa kutamani fedha, na sikuwa na jibu la swali la fundi lifti. Nikaondoka asubuhi iliyofuata. Alinisindikiza mpaka kituoni, hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Sasa wewe. Nilikupa neno moja ulipeleke, ukapeleka jingine. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa miezi mitano. Uliniandikia "soma kwa amani"! Nimekaa nikijiuliza ulipata faida gani, na nadhani nimeipata. Ulitaka nije nisimame kando yako nisikie kwa niaba yako. Ulitaka niwe sikio lako, ili usiwe na haja ya kumwambia mtu kwamba lako limechoka. Na kwa ajili hiyo umemwacha Baba apande akiwa chini ya mkono wako. Ungeweza kumuua, Baba mdogo. Ungemuua, na mimi ningejua kwa barua iliyochelewa.

Mwanao.

Karakana, 28 Aprili

Binti wa kaka,

Marahaba.

Barua yako niliisomea kwenye gari. Kaka alikuwa kando yangu, mama yako anaendesha. Nilipomaliza nikaikunja, hakuna aliyeniuliza. Tangu uondoke tunapanda gari moja, tunakula meza moja, tunafanya kazi moja, na maneno tunayosema ni "spana" na "bado". Usidhani umeleta amani.

Sitakuomba msamaha kwa kutaka uje. Ulizaliwa humu. Na usiniletee ile methali ya sikio la kufa, naijua, nimeiona ikichungulia kwenye kila mstari wako.

Lakini nawe nikuambie, maana barua haina wa kuikatiza. Kwa nini ulinituma mimi? Una mdomo. Una shule kuliko sote. Uliogopa uso wa baba yako, ukatafuta mtu wa kumtanguliza, ukamchagua mtu ambaye naye alikuwa na hofu yake. Waoga wawili wakapeana mzigo. Mimi niliudondosha, sawa. Ila wewe ndiye uliyekataa kuubeba.

Siku ile niliyomwambia kwamba unakuja, nilikwenda kusema ukweli. Wallahi nilikwenda. Tulikuwa tunakunywa chai, nikaanza, "Kuhusu binti yako..." Akainua uso. Uso ule, mwanangu! Nikasikia mdomo wangu unasema, "anataka meza ya dirishani." Halafu haikurudi nyuma tena.

Wewe una mambo mawili ya kuchagua. Mimi nina moja, na siku nikiliacha sina jingine. Hujui ni kitu gani kuamka na kukuta dunia imerudi nyuma hatua kadhaa, watu wanachezesha midomo, nawe unacheka pale wanapocheka.

Nimekwenda kwa daktari wa masikio. Usiniulize amesema nini.

Baba yako mdogo.

Bwenini, 12 Juni

Shikamoo Baba mdogo,

Natumaini uzima. Mtihani wa mwisho nimefanya juzi. Mwenzangu amefaulu, ameniziba jino bure kama zawadi ya kuagana, sasa mdomo wangu hauna kasoro.

Kuhusu mwoga, nimekubali. Nilikasirika siku nzima, nikakubali. Kwa hiyo nilimpigia Baba mwenyewe, kwenye simu ya Mama. Nikamwambia nimechaguliwa kote kuwili. Akasema, "Sawa." Nikangoja. Akasema, "Mama yako anataka simu yake." Ndiyo baraka niliyopata.

Lakini lile swali lake limeniganda. Nilikwenda chuo cha biashara, siku ya kutembelea. Ukumbi una viyoyozi, skrini ukuta mzima, mkuu wa kozi ana viatu vinavyong'aa kama kioo. Nikamuuliza: tukitengeneza programu ikakosea, nani anaumia? Akatabasamu. "Mteja amesaini kwamba anajua hatari." Nikasema sikuuliza nani amesaini. Watu wakageuka. Akasema, "Swali zuri," akamchagua mwingine.

Nikaenda idara ya hesabu kwa yule mwalimu wangu mkali, ofisi yake ina dirisha lisilofunguka na feni inayolia. Nikamuuliza swali hilo hilo. Hakutabasamu. Aliniambia habari ya mfuko wa uzeeni wa watu wa kiwanda kimoja. Aliyeukadiria alichukulia kwamba mabaya hayaji pamoja: hisa zikianguka, majengo yatasimama. Yakaja pamoja. Wazee wakapunguziwa malipo, na miongoni mwao alikuwamo baba wa mwalimu. "Jibu lilikuwa linafanya kazi," akasema. "Ila hakuna aliyethibitisha."

Nimechagua miaka miwili. Sina furaha, nakuambia kweli. Wenzangu watakuwa na kazi na magari, mimi nitakuwa naandika "kwa hiyo" kwenye karatasi. Tena huenda nikashindwa. Wahandisi wengi hushindwa pale. Nimekasirika na Baba kwa kuniharibia ile njia rahisi kwa swali moja na asiniongezee hata neno la kunituliza.

Na wewe nakuomba jambo moja tu. Usipande tena bila kumwambia. Usimtume mtu.

Mwanao.

Karakana, 20 Julai

Injinia wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mama yako mzima, gari limegonga nguzo lakini nguzo ndiyo iliyolalamika.

Nilimwambia. Tulikuwa tumefika jengo la mawakili, kaka amekwisha vaa mkanda, ameweka mguu mmoja juu ya paa la lifti. Nikamwambia, "Toka." Akadhani kuna hitilafu, akatoka. Nikamwambia, "Hitilafu ni mimi. Sikio la kushoto limekwenda, la kulia liko njiani. Daktari amesema halirudi." Mlinzi wa jengo alikuwa pale, mawakili wawili walikuwa pale, nilikuwa nimekwisha kuanza nisingeweza kusubiri waondoke.

Kaka alifungua mkanda. Tukashuka mpaka chini. Pale barabarani ndipo alipochemka! Alinitukana jinsi ambavyo hajanitukana tangu tukiwa watoto, kwa sauti ya juu kabisa, na kila neno nililisikia. Kwamba vidole vyake haviuzwi dukani. Kwamba nimemdanganya juu ya mtoto wake. Kwamba alikuwa anapanda kila siku akijua, na ni mimi niliyemfanya awe mjinga wa namna hiyo. Nikamwambia na yeye angeuliza. Akasema ndiyo, angeuliza.

Tumekwenda kwa Mama Volti, sote wawili, na kofia mikononi. Alituweka kwenye benchi la hospitali pamoja na wagonjwa mpaka zamu yake ilipoisha. Akasema atakuja, lakini si kama kibarua, atakuja kama mshirika, na kaka asimwite "binti". Amekuja. Ile meza ya dirishani ameichukua yeye, na ameshaichafua. Anafanya kazi vizuri mno, inaudhi.

Mimi sipandi. Nimepewa vipuri, wateja na hesabu za mafuta. Nashinda nimekaa kama mhuri. Nimenunua kile kifaa cha sikioni; kinanisikilizisha mashine ya matofali, nami nimekwenda kumlalamikia jirani. Sina furaha, kama wewe usivyo na furaha. Nimeamua kwamba si lazima.

Kaka hajazungumza habari zako. Nikitaja shahada yako anatafuta bisibisi. Lakini wiki hii alikuja mteja mwenye hoteli, mtu wa maneno mengi, akauliza yule binti injinia amepotelea wapi, si alisikia anakuja kurithi? Nikainamia vipuri vyangu. Kaka akasema anasoma mambo ya hesabu za fedha. Mteja akacheka, akasema hizo ndizo kazi za kupoteza mali za watu, na huyo mtoto akikosea je?

Kaka akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Akasema, "Akikosea atakuja kuniambia mwenyewe. Hatamtuma mtu."

Alikuwa ananitazama mimi aliposema hivyo. Sikujua kama ile ni sifa yako au fimbo yangu. Nimeiandika kama ilivyotamkwa, sikupunguza wala sikuongeza, ili walau mara moja neno likufikie kama lilivyotoka.

Baba yako mdogo.